Kanisa la Rabai lilijengwa na nani hasa?

Mkaazi wa Mazeras
Habari za jioni, wanajamvi. Mgeni yeyote anayepanda barabara ya Mazeras kuelekea Kaloleni akashukia Rabai huonyeshwa mambo matatu kwa mkupuo mmoja: Makumbusho ya Krapf, nyumba ya Rebmann, na Kanisa la Mtakatifu Paulo ambalo hadi leo ibada zake zinaendelea. Kisha husimuliwa kwamba wamisionari wawili Wajerumani, Krapf na Rebmann, walifika mwaka 1846, wakajenga, na hapo ndipo Ukristo wa Kenya ulipoanzia.

Dai langu ni kwamba simulizi hiyo imewaacha nje wenye kanisa lao. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853, na katika miaka saba hiyo waliobatizwa ni wachache mno. Parishi tunayoiona leo ilisimamishwa na watumwa watoro waliokimbilia misheni, pamoja na Waafrika waliorudishwa kutoka India, watu ambao majina yao huyaoni kwenye kibao chochote cha barabarani. Wenyeji na wenye ujuzi, naomba mnijibu: kanisa hili lilijengwa na nani hasa?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mkaazi, hoja yako ina uzito, lakini umemwondoa Krapf kwa haraka mno. Mtu huyu alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Wengi wangepanda jahazi la kwanza warudi kwao. Yeye alibaki, akamsubiri mwenzake Johannes Rebmann aliyefika mwaka 1846, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wakahamia Rabai wote wawili wakiwa wanaumwa homa.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupata barua ya Sayyid Said iliyowaagiza maliwali wa pwani wamtendee wema, na alikuwa amezungumza na wazee wa Rabai hadi wakamkubalia kukaa. Bila mazungumzo hayo watoro wako wangekimbilia wapi? Idadi ya waliobatizwa si kipimo pekee cha kazi ya mtu.

Mkatoliki wa Malindi
Sahihisho dogo kabla hatujafika mbali. Kusema kwamba Ukristo wa Kenya ulianzia Rabai si kweli. Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na kikanisa cha Wareno pale Malindi ni cha karne ya 16. Mombasa nayo ilikuwa na mapadre Waagustino, na mwaka 1631 Wakristo wengi waliuawa wakati Sultani Yusuf bin Hassan alipowageukia Wareno. Semeni "misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika bara ya Kenya", tutaelewana.

Bagamoyo Kwetu
Nami nilikuwa nakuja mbio na misheni yetu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ya mwaka 1868, nikakuta Rabai wametutangulia kwa miaka 22 na Malindi wametutangulia sote kwa karne tatu. Basi nakaa kimya, nawasoma.

Mwanakaya
Asante kwa uzi huu. Mimi ni Mrabai wa kuzaliwa, na kuna jambo ambalo wachangiaji wawili wa kwanza wamelipita juu juu. Wamisionari hawakufika mahali patupu. Walifika kwenye himaya ya kaya, yaani mji wa kale wa Mijikenda ndani ya msitu, yenye wazee wake, mafingo yake (dawa za kuulinda mji) na sheria zake za msitu, na kaya tatu za Rabai, yaani Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, zimo katika misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee ndio waliosema "kaeni". Wangekataa, pasingekuwa na uzi huu.

Pia msichanganye mahali. Makazi ya kwanza ya mwaka 1846 yalikuwa karibu na kaya, nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti. Kituo cha misheni chenyewe kilihamia Kisulutini mwanzoni mwa miaka ya 1850, na hata wageni mashuhuri waliofika baadaye, kama Sir Bartle Frere mwaka 1873, walikitembelea kwa jina hilo la Kisulutini. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ukuta wa mawe na kukuambia kwamba Krapf aliujenga mwaka 1846, muulize kwa heshima: ukuta upi, na wapi?

Mgema wa Kokotoni
Mwanakaya, ukimuuliza mwongozaji swali hilo atakuongezea ada ya kiingilio.

Mswahili wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Nakubaliana na Mwanakaya kuhusu wazee, ila naongeza upande wetu wa Mombasa, ambao katika simulizi za kanisa hutajwa kama kikwazo tu. Kila kabila la Mijikenda lilikuwa na wenzao miongoni mwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, watu wa kufanya nao biashara, kupokeana na kusuluhishana. Mzungu hakuweza kupanda hadi Rabai bila njia hizo kujua kwamba anapita.

Mnakumbuka kwamba Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na mabingwa wa jiografia wa London wakamcheka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliyemfikisha huko ni Bwana Kheri, mwongozaji misafara, mtu wa pwani na Mwislamu. Na Krapf alipokuwa akifasiri sura za Mwanzo kwa Kiswahili alisaidiwa na kadhi wa hapahapa Mombasa. Kama tunagawa sifa, na sisi mtukatie kipande.

Mkaazi wa Mazeras
Sheikh, kipande chako kimewekwa. Lakini tazameni wenyewe: hadi sasa tumetaja Wajerumani, wazee na wenye misafara, na bado hakuna aliyemtaja mtu hata mmoja aliyekaa kwenye mabenchi ya kanisa hilo.

Binti wa Misheni
Basi nitawataja mimi, maana ndio waliotuzaa. Bibi yake bibi yangu hakuwa Mrabai wala Mgiriama. Alichukuliwa akiwa mtoto kutoka upande wa ziwa Nyasa, akauzwa pwani, akatumikishwa kwenye mashamba ya Takaungu, na usiku mmoja wakatoroka watu kadhaa, wakatembea kwa kujificha hadi Rabai. Nyumbani kwetu tulikatazwa kusema neno "mtumwa" mbele ya wageni. Tulisema "watu wa misheni", basi, na aliyejua alijua.

Watu kama hao walikuwa mamia. Mabwana zao wa Mombasa na Takaungu waliwadai, na zaidi ya mara moja, mwaka 1880 kisha tena 1888, ilikaribia kumwagika damu. Mwisho wake Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, chini ya George Mackenzie, iliwalipa mabwana hao fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Katika misheni zote za eneo hili walikuwa zaidi ya elfu moja, na sehemu kubwa yao walikuwa Rabai.

Nimeiona hati ya namna hiyo kwa jamaa yetu mmoja. Karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika hata vipande vinashikiliwa na gundi ya bahasha, na upande wa nyuma mtu wa baadaye ameandika kwa penseli hesabu ya nazi: mia mbili na kumi, kisha amekata, akaandika mia na tisini. Watoto wa mzee huyo wanataka kuipeleka makumbusho. Yeye anasema serikali iliwahi kuchukua karatasi zake za shamba na haikuzirudisha, kwa hiyo hii haitoki sandukuni.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanzisha uzi ni fupi: sisi ndio tuliolijenga.

Nyaraka za Zamani
Binti, shukrani. Kwa heshima nitaligawa jibu lako. Watoro walilijaza kanisa, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya wimbi lao kulikuwa na Waafrika wa Bombay, yaani watoto waliookolewa na manowari za Kiingereza kwenye majahazi ya watumwa, wakapelekwa India, wakasomeshwa Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakarudishwa pwani hii kama walimu na mafundi. George David alifika Rabai katika miaka ya 1860, wakati Rebmann angali hapo. Baada yake William Henry Jones aliiongoza Rabai kwa muda mrefu, na mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler.

Hao ndio waliofundisha shule, walioongoza sala za kila siku, na waliokataa kuwarudisha watoro kwa mabwana zao hata pale baadhi ya wamisionari wa Kizungu walipokuwa wakiogopa lawama. Wazungu walikuja na kuondoka, wengine kwa homa, wengine kwa ugomvi. Jones alibaki.

Kijana wa Kisauni
Nami nimesikia kwamba waliobeba maiti ya Livingstone walikuwa wa Rabai na ndio waliojenga kanisa. Hilo nalo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Nyaraka za Zamani
Lisiwekwe hivyo, Kijana. Miongoni mwa waliousindikiza mwili huo walikuwamo wanafunzi wa Nasik, wakiwemo Jacob Wainwright na Matthew Wellington, na kwa hiyo ni ndugu wa shule wa akina Jones. Lakini Wellington maisha yake yalikuwa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, na Mombasa, kwenu hukohuko, na alifariki Mombasa mwaka 1935. Ninyi mnayo kengele pale Kengeleni, mnatamani na kanisa la Rabai?

Kijana wa Kisauni
Kengele bila kanisa haitoshi, mzee wangu.

Msoga wa Mayuge
Salamu kutoka Uganda. Kwetu jina la Rabai hutajwa kila tarehe 29 Oktoba, siku ya kumkumbuka Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Msafara wake ulianzia Rabai mwezi wa Julai, na kasisi aliyefuatana naye alikuwa huyohuyo Jones. Hannington alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi katika nchi ya Wawanga, ambako leo ni Mumias, akasonga mbele na watu wachache. Walipouawa, Jones ndiye aliyewakusanya waliosalia, akawarudisha kwa miguu hadi Rabai mwezi wa Februari 1886, wakitembea nyuma ya bendera ya buluu ya maombolezo.

Hebu fikirini wake wa wapagazi waliotoka kuwapokea njiani wakitazama ni nani amerudi na nani hakurudi. Askofu ana makumbusho na sikukuu. Wapagazi waliokufa naye walikuwa waumini wa parishi hiyo mnayoijadili, na sijui kama kuna mahali majina yao yanasomwa.

Mwalimu Mstaafu
Mchango mzito, ndugu Msoga. Ninyi nyote mmepanga foleni kumpinga Krapf, na hakuna aliyemgusa Rebmann, ambaye kwangu ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa, akiota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari. Rebmann alikaa. Kuanzia 1846 hadi 1875 hakurudi kwao hata mara moja. Wapelelezi Burton na Speke walimpitia mwaka 1857, wakataka afuatane nao bara, akakataa. Mkewe Emma alifariki hapo mwaka 1866. Macho yakamwishia, akaendelea na kamusi zake, ikiwemo ya lugha ya Kinyasa aliyoianza kwa kumsikiliza mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini. Alipoondolewa Rabai akiwa kipofu, alisindikizwa na Mkristo wa Kiafrika, Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata akafariki Korntal, Ujerumani.

Mtu aliyekaa miaka 29 mahali pamoja hawezi kuwekwa kando kwa sababu tu hakuwa na waumini wengi.

Mwanakaya
Mwalimu, kukaa peke yake si kujenga. Hata mibuyu ya Rabai imekaa.

Mwalimu Mstaafu
Na mibuyu hiyo ndiyo mnayoipiga picha, si ninyi.

Fundi wa Chokaa
Wanajamvi, mimi si msomi, ila kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale ya pwani, na naona mmejadili majina yote pasipo kugusa kazi yenyewe. Jengo lolote la mawe la miaka ya 1880 lilihitaji chokaa, na chokaa hainunuliwi dukani. Unapanga magogo kwa duara, unaweka mawe juu, unawasha alfajiri, unalinda moto mchana na usiku, kisha unaacha ipoe, unaimwagia maji na kuifunika wiki kadhaa kabla ya kuichanganya na mchanga. Mikono inachunika, macho yanavimba. Tanuri moja linataka kuni za kutosha kupikia kijiji kizima, na maji yachotwe kwa ndoo kichwani, kazi ambayo kwa kawaida waliachiwa wanawake.

Basi mnaposema "Rebmann alijenga" au "Jones alijenga", kwangu maana yake ni kwamba alisimama akaamuru. Hapa nipo na Binti. Kanisa lile la mawe liliinuka katika muongo uleule ambao misheni ilijaa watu waliotoroka, na watu hao walipaswa kufanya kazi ili wapate kula. Na nawaomba wanaosimamia majengo kama haya popote pwani: msipake saruji juu ya chokaa. Unyevu hukosa pa kutokea, ukuta huoza kwa ndani, na mkija kutuita fundi hakuna tena cha kuokoa.

Mgema wa Kokotoni
Fundi ametoa tangazo la biashara katikati ya historia, lakini limetulia.

Mkaazi wa Mazeras
Niongeze swali litokanalo na haya yote. Mringe, yule mlemavu aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa, huhesabiwa kuwa tunda la kwanza. Baada yake ikapita miaka mingi ya ukame, halafu ghafla katika miaka ya 1880 kijiji kikajaa Wakristo. Je, ni hifadhi peke yake iliyowaleta? Maana kama walifuata usalama tu, mbona walibaki hata baada ya kupata hati za 1889, wakati walikuwa huru kwenda popote?

Binti wa Misheni
Waende wapi? Bibi yake bibi yangu hakujua njia ya kurudi, na hata angeijua, kijiji alichotolewa kilichomwa. Rabai alikuwa na kipande cha shamba, mume, na mahali pa kuzikwa. Hizo si sababu ndogo.

Nyaraka za Zamani
Kuna maelezo mengine matatu ambayo sioni kama yanapingana na hilo. Kwanza ni shule, kwa sababu aliyesoma Rabai alipata kazi Mombasa. Pili ni njaa: katikati ya miaka ya 1880 pwani ilipata njaa kali, na tena 1898 hadi 1900, na misheni ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zenye akiba ya chakula. Tatu, ambalo wengi husahau, ni kwamba habari ilitembea bila mmisionari. Abe Ngoa, Mgiriama, aliwafundisha wenzake wa Godoma kabla ya mmisionari kukaa kwao. Kutokana na kundi hilo alitokea David Koi, aliyeongoza makazi ya watoro ya Fuladoyo hadi alipokamatwa na kukatwa kichwa mwaka 1883. Wengi humhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kianglikana nchini Kenya, na hakuwa mtoro wala mtu wa Bombay. Alikuwa Mgiriama huru.

Mwanakaya
Nashukuru kwa Koi. Huo ndio ushahidi kwamba Mijikenda hawakukaa pembeni wakitazama wageni wakijenga. Ila nakataa neno "ukame" la Mkaazi. Miaka hiyo wazee walikuwa na dini yao na haikuwa imewaishia. Babu yangu aliingia kanisani akiwa mtu mzima, na hakuacha kuitikia wito wa kaya siku ya kuombea mvua. Mchungaji alijua, naye hakumuuliza.

Mkatoliki wa Malindi
Sasa mmefikia mahali pazuri. Hebu mniambie, leo hii nani anagharamia paa?

Binti wa Misheni
Waumini. Njoo siku ya sikukuu ya mavuno ujionee. Watu huleta mahindi, madafu, mihogo, kuku waliofungwa miguu, na baada ya ibada mnada hufanyika nje. Mwaka mmoja jogoo mmoja aliuzwa mara sita, maana kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena. Aliyempata mwisho alikuwa Mwislamu, jirani yetu, aliyekuja kuwatazama watoto wake wakiimba.

Mswahili wa Kibokoni
Kipande chetu hicho, si niliwaambia.

Mkaazi wa Mazeras
Ninapendekeza kiandikwe kibao kipya pale penye njia ya kuingilia, chenye majina ya Mringe, Abe Ngoa, George David, Jones, Koi na watoro wa 1889, kikae kando ya jina la Krapf. Nani anaunga mkono?

Mwalimu Mstaafu
Naunga mkono, kwa sharti Rebmann aandikwe juu ya Krapf.

Binti wa Misheni
Naunga mkono, kwa sharti watoro wasiandikwe mwisho kama nyongeza. Na wapagazi wa Hannington waongezwe, Msoga amesema kweli.

Fundi wa Chokaa
Kisimikwe chini kwenye nguzo yake. Msikipigilie misumari ukutani.

Mwanakaya
Kibao hakisimikwi Rabai kabla wazee wa kaya hawajaulizwa, na wakiulizwa watataka kujua kwa nini waliosema "kaeni" mwaka 1846 hawamo kwenye orodha yenu. Mkaazi, panga siku, nitakupeleka mwenyewe. Uje na tumbaku.